JULIAN BOND: MJUMBE ALIYECHAGULIWA MARA TATU KABLA YA KUAPISHWA

Siku ya Jumatatu, tarehe 10 Januari 1966, wajumbe wa Baraza la Wawakilishi la jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani, walikusanyika mjini Atlanta, chini ya kuba la dhahabu la jengo lao, ili wale kiapo na kuanza kazi. Kijana mmoja mweusi, mrefu, mwembamba, ambaye alikuwa amebakiza siku nne tu kutimiza miaka 26, aliambiwa akae kando. Wenzake walisimama wote, wakainua mikono yao ya kulia, wakaapa. Yeye alibaki ameketi kitini pake, mikono imetulia. Picha iliyopigwa siku ile ingali ikichapishwa vitabuni, na anayeitazama hahitaji maelezo mengi.

Ndugu zetu wa jeshi na polisi wanakijua kiapo kuliko raia wengi. Askari hajawa askari mpaka ameapa, na akishaapa hawezi kuuvua wajibu wake kama avuavyo kofia. Kwa hiyo kisa cha Julian Bond kinawahusu zaidi ya inavyodhaniwa. Yeye hakukataa kuapa. Alikuwa tayari kuapa, tena maneno yale yale ya wenzake, ya kuitii na kuitetea Katiba ya Marekani na ya Georgia. Waliomzuia walidai kwamba kiapo hicho, kikitoka kinywani mwake, kingekuwa cha uongo.

Yafaa kwanza tueleze mjumbe wa jimbo ni mtu gani. Marekani ina majimbo 50, na kila moja lina gavana wake, mahakama zake na baraza lake la kutunga sheria. Karibu yote yana mabaraza mawili, la Wawakilishi na la Seneti. Wajumbe hao ndio wanaotunga sheria nyingi zinazotekelezwa na polisi wa kila siku: za wizi, za barabara, za magereza, za shule, na za namna ya kupiga kura. Mambo ya vita na amani si yao. Hayo ni ya Rais na Bunge la Washington. Neno hilo tulishike, maana Bond alizuiwa kuingia katika baraza la jimbo kwa ajili ya maneno juu ya vita ambavyo baraza hilo halikuwa na uwezo wa kuvianzisha wala kuvisimamisha.

MWANA WA MWALIMU

Julian Bond alizaliwa tarehe 14 Januari 1940 mjini Nashville, katika jimbo la Tennessee. Baba yake, Horace Mann Bond, alikuwa mwanachuoni mashuhuri, na mwaka 1945 akawa mtu mweusi wa kwanza kukiongoza Chuo Kikuu cha Lincoln huko Pennsylvania, chuo kilekile walichosoma Kwame Nkrumah wa Ghana na Nnamdi Azikiwe wa Nigeria. Mwaka 1957 kijana alikwenda Atlanta kusoma katika Chuo cha Morehouse. Huko alipata kuketi katika darasa la falsafa lililofundishwa na Martin Luther King.

Mwaka 1960 wanafunzi weusi wa kusini walianza kuketi katika mikahawa ya wazungu na kukataa kuondoka. Bond alikuwa miongoni mwa walioongoza mjini Atlanta. Mwezi Aprili mwaka huo huo iliundwa Kamati ya Wanafunzi ya Kuunganisha Harakati Zisizotumia Nguvu, iliyojulikana kwa kifupi kama SNCC, naye akawa msemaji wake. Aliacha masomo mwaka 1961 kwa ajili ya kazi hiyo, na shahada yake aliipata miaka kumi baadaye. Kazi yake ilikuwa kuandika, kupiga simu magazetini, na kuhakikisha kwamba kijana akipigwa katika kijiji cha Mississippi, watu wa New York wanajua kabla jua halijazama.

Vijana hao waliitazama Afrika kwa makini. Mwezi Desemba 1963, siku chache baada ya Kenya kujipatia uhuru, Jaramogi Oginga Odinga alifika Atlanta, nao wakaenda hotelini kumlaki. Walipotoka kwake waliingia katika mkahawa uliokuwa jirani. Walikataliwa kuhudumiwa, na waliposhikilia kukaa, wakakamatwa. Waziri wa nchi ya mbali alipewa chumba na heshima zote, na wenyeji wa mji wakanyimwa kikombe cha kahawa.

Hadi hapo hapakuwa na njia ya mtu mweusi wa Georgia kuingia katika Baraza la Wawakilishi. Wa mwisho alikuwa ametoka mwaka 1907. Mipaka ya uchaguzi ilikuwa imechorwa kwa namna ambayo wilaya ndogo za mashamba zilikuwa na sauti kubwa kuliko miji yenye watu tele. Amri za mahakama zilizotolewa kati ya 1962 na 1965 zililazimisha mipaka ichorwe upya kwa kufuata hesabu ya watu, na uchaguzi ukafanywa mwezi Juni 1965. Bond aligombea wilaya ya uchaguzi ya 136 mjini Atlanta. Alikwenda nyumba kwa nyumba akiwauliza wakazi wanataka nini, na alipowasikiliza akaahidi kupigania mshahara wa chini wa dola mbili kwa saa na kufutwa kwa adhabu ya kifo. Alipata zaidi ya asilimia 80 ya kura.

BAHARIA ALIYEUAWA

Sasa tufike kwenye kiini cha ugomvi. Usiku wa tarehe 3 Januari 1966, katika mji wa Tuskegee, jimbo la Alabama, kijana mweusi aitwaye Sammy Younge alitaka kutumia choo cha wazungu katika kituo cha petroli. Mhudumu mzungu wa kituo hicho alimpiga risasi akamwua. Younge alikuwa amelitumikia Jeshi la Maji la Marekani, na afya yake ilikuwa imevunjika kazini. Aliivaa sare ya nchi yake, lakini choo cha kituo cha petroli hakikuwa haki yake.

Siku tatu baadaye SNCC ilitoa tamko. Ilisema kwamba serikali ya Marekani haikuwa ya kweli ilipodai kupigania uhuru wa watu wa Vietnam, kama vile haikuwa ya kweli kuhusu uhuru wa watu wa Kongo, Afrika Kusini, Rhodesia, Jamhuri ya Dominika na wa Marekani kwenyewe. Ilifananisha kuuawa kwa Younge na kuuawa kwa wakulima wa Vietnam, na ikasema inawahurumia vijana wasiokuwa tayari kuitikia wito wa kuandikishwa jeshini kwa lazima. Bond hakuliandika tamko hilo. Lakini mwandishi wa habari alipompigia simu kumwuliza kama analiunga mkono, alijibu kwamba analiunga mkono.

Mwisho wa mwaka 1965 Marekani ilikuwa na askari wapatao 184,000 katika Vietnam. Hasira iliyowaka Georgia haikuwa ya kushangaza, wala mimi sioni haya kusema kwamba maneno ya namna ile ni magumu kusikika kwa askari aliye matopeni na bunduki begani. Askari hachagui vita. Lakini kwa sababu iyo hiyo lazima pawe na mtu mahali fulani ambaye kazi yake ni kuuliza, kabla askari hajapelekwa, anapelekwa kwa nini. Georgia iliona kwamba mjumbe mweusi wa miaka 25 hakuwa mtu huyo.

Wajumbe 75 walitia sahihi malalamiko wakidai kwamba Bond amewapa moyo maadui wa nchi na kwamba hawezi kuapa kwa moyo mweupe. Kamati ilikaa siku ile ile kumhoji. Alisema anaustahi ujasiri wa wanaochoma kadi zao za uandikishaji wa jeshi huku wakijua adhabu inayowangoja. Yeye mwenyewe hakumshauri mtu yeyote achome, na kadi yake alikuwa nayo mfukoni, tayari kuitoa wakitaka kuiona. Jioni Baraza lilipiga kura. Waliotaka azuiwe walikuwa 184, na waliomtetea walikuwa 12.

Haikuwa mara ya kwanza kwa nyumba ile. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, mwaka 1868, wajumbe weusi zaidi ya 25 walichaguliwa kihalali katika jimbo hilo, na mwezi Septemba wenzao wazungu wakawafukuza karibu wote kwa sababu ya rangi yao. Mmoja wao alikuwa Henry McNeal Turner, ambaye wakati wa vita alikuwa kasisi wa kwanza mweusi katika Jeshi la Marekani. Washington iliirudisha Georgia chini ya utawala wa kijeshi, na Januari 1870 Jenerali Alfred Terry aliwaondoa barazani waasi wa zamani waliokuwa wamezuiwa na sheria, akawarudisha wajumbe weusi vitini mwao. Ni mara chache katika historia jeshi huingia bungeni ili kuwarudisha waliochaguliwa. Kwa kawaida huingia kwa jambo jingine.

SAFARI YA MAHAKAMANI

Mwaka 1966 hapakuwa na jenerali. Palikuwa na mahakama. Bond alifungua kesi, na Martin Luther King, aliyekuwa mkazi wa wilaya ile ya uchaguzi, akaungana naye kama mpiga kura aliyenyang'anywa mwakilishi wake. Hoja hii ya pili ndiyo niionayo kuwa nzito zaidi. Aliyeachwa nje ya mlango siku ile hakuwa kijana mmoja tu. Nyuma yake walikuwako maelfu ya watu ambao sheria za Georgia ziliendelea kuwatawala, na kodi zao kuchukuliwa, bila mtu wao kuwako sheria zilipotungwa.

Mahakama ya kwanza, yenye majaji watatu, iliamua mwezi Februari, wawili dhidi ya mmoja, kwamba Baraza lilikuwa na haki. Mwezi huo huo kiti kilitangazwa kuwa wazi na uchaguzi ukarudiwa. Bond alishinda tena. Mwezi Mei aliitwa mbele ya kamati, akaulizwa kama bado anayashika maneno yake, akasema anayashika, naye akafungiwa mlango kwa mara ya pili. Mwezi Novemba, katika uchaguzi mkuu, alishinda kwa mara ya tatu. Wapiga kura wa wilaya ya 136 hawakuchoka, na hapa ndipo ninapowavulia kofia. Mgombea huweza kudumu kwa ajili ya jina lake. Mzee anayepanga foleni mara ya tatu kumchagua mtu ambaye anajua hataruhusiwa kuketi, yeye anafanya hivyo kwa ajili ya nini?

Tarehe 5 Desemba 1966 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa hukumu. Majaji wote tisa walikubaliana. Jaji Mkuu Earl Warren aliandika kwamba jimbo lina haki ya kumtaka mjumbe aape kuitetea Katiba, lakini haliwezi kukitumia kiapo hicho kupima unyofu wa moyo wake na kumziba mdomo katika mambo ya siasa. Georgia ilikuwa imedai kwamba mjumbe yafaa abanwe zaidi kuliko raia wa kawaida. Mahakama ililigeuza neno hilo: mjumbe anahitaji nafasi pana ya kusema mawazo yake, ili wale aliowawakilisha wayajue na waweze kumhukumu.

Mwezi ule ule wa Desemba, huko Alabama, mhudumu wa kituo cha petroli aliyemwua Sammy Younge alifikishwa mbele ya raia walioketi kuamua kesi yake, wote wazungu. Walimwachilia huru.

KITINI

Bond aliapishwa tarehe 9 Januari 1967. Kesho yake baraza hilo lilipata kazi isiyo ya kawaida. Katika uchaguzi wa gavana hakuna aliyepata zaidi ya nusu ya kura, na kwa sheria ya wakati ule wajumbe ndio walioamua. Kwa kura 182 dhidi ya 66 walimchagua Lester Maddox, mwenye mkahawa aliyejipatia jina mwaka 1964 kwa kuwafukuza wateja weusi, yeye akiwa na bastola mkononi na wafuasi wake wameshika mipini ya mashoka. Basi hilo ndilo baraza ambalo Bond alikuwa amepigana karibu mwaka mzima ili aingie.

Mwezi Agosti 1968 alikwenda Chicago kwenye mkutano mkuu wa Chama cha Demokrati, akiongoza ujumbe uliopinga ule ulioteuliwa na watu wa Maddox. Mkutano uliugawa uwakilishi wa Georgia nusu kwa nusu. Huko jina lake lilitajwa kwa umakamu wa rais, jambo ambalo halikuwahi kumpata mtu mweusi katika chama hicho. Alilazimika kuliondoa jina lake, kwa kuwa Katiba inataka umri wa miaka 35 naye alikuwa na 28. Nje ya ukumbi polisi na waandamanaji walikuwa wakipambana mitaani, na uchunguzi uliofanywa baadaye uliyaita yaliyotendeka kuwa ni ghasia za polisi.

Huko nyumbani kazi ya mjumbe ilikuwa ya kimya. Sheria zaidi ya 60 zilizopitishwa zilikuwa na mkono wake, akiwa mleta hoja au mshirika. Mojawapo ya mipango aliyoitetea ilikuwa ya kuwapima watu ugonjwa wa selimundu, ugonjwa unaojulikana vizuri katika nchi zetu za joto. Mwenzake mmoja mweusi, Seneta Leroy Johnson, ambaye aliingia Seneti ya Georgia mwaka 1963, alionyesha namna nyingine ya kuutumia ujumbe. Muhammad Ali alikuwa amenyang'anywa ubingwa mwaka 1967 kwa kukataa kuandikishwa jeshini, na kila jimbo lilimnyima kibali cha kupigana. Johnson aligundua kwamba sheria za Georgia hazikuwa na tume ya ndondi ya jimbo lote. Alizungumza na wakuu wa mji, na tarehe 26 Oktoba 1970 Ali alipanda ulingoni Atlanta akampiga Jerry Quarry, ingawa Gavana Maddox alipinga. Wale wanaokumbuka usiku wa Kinshasa mwaka 1974 hawafikirii mara nyingi kwamba njia ya kufika huko ilipitia kwa seneta wa jimbo aliyeisoma sheria kwa makini.

Mwaka 1975 Bond alihamia Seneti ya jimbo, akakaa humo miaka kumi na miwili. Vita vyake vikubwa zaidi humo havikuwa na picha wala umati. Vilikuwa vya ramani. Kila baada ya miaka kumi watu huhesabiwa, na wajumbe wa jimbo ndio wanaochora mipaka ya wilaya zinazopeleka wabunge Washington. Mwaka 1981 Bond alitaka wilaya ya tano, ya Atlanta, ichorwe ili takriban asilimia 69 ya wakazi wake wawe weusi. Watu hao walikuwa wengi mjini, lakini kila mara mstari ulipita katikati yao kama kisu kwenye mkate. Baraza lilipitisha ramani nyingine, yenye asilimia 57. Ikapelekwa mahakamani Washington chini ya Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ya 1965, na mwaka 1982 majaji wakaikataa. Waliandika waziwazi kwamba nia yake ilikuwa ya ubaguzi, wakataja na matusi ya kikabila ya mwenyekiti wa kamati iliyoichora. Ramani mpya iliwapa weusi karibu asilimia 65. Watu wa wilaya hiyo, hata hivyo, waliendelea kumchagua mbunge wao wa zamani, mzungu, kwa sababu walimridhia. Walichopigania ni uwezo wa kuchagua, nao wakautumia walivyotaka.

Mbunge huyo alipokiacha kiti mwaka 1986, Bond alijitokeza kukigombea. Alijitokeza pia John Lewis, rafiki yake wa miaka 25, aliyewahi kuwa mwenyekiti wa SNCC na ambaye polisi wa Alabama walimvunja fuvu kwenye daraja la Selma mwezi Machi 1965. Bond alikuwa na jina, sura, ufasaha na marafiki wakubwa. Lewis alikuwa mwana wa wakulima, mzito wa maneno, naye aliwaambia wapiga kura kwamba yeye ni mtu wa kazi na si wa majukwaa. Duru ya kwanza Bond aliongoza kwa asilimia 47 dhidi ya 35. Kabla ya duru ya pili Lewis alimtaka wakapimwe pamoja kama wanatumia dawa za kulevya. Bond alikataa. Jambo hilo liliuchafua urafiki wao kwa miaka mingi, na kwa maoni yangu halikumpa sifa aliyelianzisha. Tarehe 2 Septemba Lewis alishinda kwa asilimia 52. Weusi walio wengi walikuwa wamempigia Bond, na kura za wazungu ndizo zilizoamua. Lewis alikaa katika kiti hicho hadi alipofariki Julai 2020.

Hivyo mtu aliyepigana kuichora wilaya ile hakuiwakilisha hata siku moja, na kwa kuwa alikuwa ameacha kugombea Seneti, muda wake huko ulikwisha Januari 1987. Baadaye alifundisha historia katika vyuo vikuu, na kuanzia 1998 hadi 2010 alikuwa mwenyekiti wa NAACP, chama kikongwe cha kutetea haki za weusi. Alifariki tarehe 15 Agosti 2015 katika jimbo la Florida, akiwa na miaka 75. Lakini mwezi ule ule alipoondoka Seneti, televisheni ya Marekani ilianza kuonyesha mfululizo wa filamu za historia ya harakati, uitwao Eyes on the Prize. Msimulizi wake, sauti tulivu iliyokuwa ikieleza kila wiki sebuleni mwa watu yaliyotendeka Montgomery, Selma na Atlanta, alikuwa Julian Bond.